Sherifu, polisi na jela chini ya mkono mmoja: kwa mkalimani mpya wa Jacksonville

Jumamosi moja asubuhi nilimpotosha mama wa watu. Mwanawe alikuwa amekamatwa usiku wa kuamkia siku hiyo, hapa Jacksonville, Florida, na yeye akanipigia simu kuuliza aende wapi. Nilikuwa na haraka zangu, nikamjibu: "Nenda mtaa wa Adams, kwenye mia tano, utaona jengo kubwa. Kijana wako yuko hapo." Akapanda basi na mfuko wake wenye shati safi na kandambili. Nilipomfikia, saa tano hivi, alikuwa amesimama mbele ya mahakama, 501 West Adams, milango imefungwa kwa kuwa ni wikendi. Jela iko 500 East Adams. Mtaa ni ule ule, namba zimepishana kwa moja, ila mahakama iko magharibi ya mtaa wa Main na jela iko mashariki yake. Saa hiyo kijana alikuwa ameshafikishwa mbele ya jaji, na hakuna mtu wa kwao aliyekuwapo.

Kosa lilikuwa langu, na halikuwa kosa la lugha. Nilikijua Kiswahili tangu tumboni, nimekulia Kigoma. Kiingereza nilikuwa nimekisomea na kufanyiwa mtihani. Nisichokijua ni chombo chenyewe nilichokuwa nakitafsiria: kimetoka wapi, kina majengo gani, nani yuko chini ya nani. Tangu siku ile nilianza kusoma na kuuliza, na haya ninayowaandikia ndiyo ningependa mtu angeniambia wiki ya kwanza.

Nawaandikia hasa ninyi vijana mliokulia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Kyangwali, mkamalizia shule hapa, na sasa shirika au mahakama inawaita kwa sababu mnaongea lugha ya mama zetu. Mtaitwa kwa ajali ya gari, kwa ugomvi wa mume na mke, kwa mtoto aliyepotea, kwa mtu aliyelala jela. Mara nyingi wewe ndiye utakayekuwa mtu wa kwanza kumweleza mzee wa Kikongo kwamba huyu aliyevaa sare ni nani hasa.

Tuanze na hilo la "ni nani hasa". Kwa mtu wa Tanzania, Kenya au Kongo, polisi ni wa serikali kuu. Kuna mkuu mmoja wa nchi nzima, rais ndiye anayemteua, na askari wa Kasulu anaweza kuhamishiwa Lindi kesho. Marekani haiko hivyo. Kila mji unaweza kuwa na polisi wake, na kila kaunti, yaani eneo la utawala ndani ya jimbo, ina sherifu wake, mara nyingi wa kuchaguliwa kwa kura. Pale mji na kaunti vinapokuwa viwili, mtu anaweza kuvuka barabara moja tu akawa ametoka mikononi mwa polisi wa mji na kuingia mikononi mwa watu wa sherifu. Jacksonville ilikuwa hivyo zamani. Ndani ya jiji kulikuwa na idara ya polisi yenye mkuu wake, na nje ya mipaka yake, katika kaunti ya Duval, doria ilikuwa ya sherifu.

Miaka ya 1960 hali ya jiji ilikuwa mbaya. Mwaka 1964 shule za sekondari za umma za kaunti nzima zilinyang'anywa ithibati, yaani hazikutambuliwa tena rasmi kwamba zinafikia kiwango. Maji machafu yalikuwa yanamwagwa mto St. Johns hivi hivi, bila kusafishwa. Watu wenye kipato walikuwa wanahamia vitongojini, na jiji likabaki na huduma nyingi za kulipia na walipa kodi wachache. Januari 1965 wafanyabiashara wakiongozwa na Claude Yates, mkubwa mstaafu wa kampuni ya simu, waliwaomba wabunge wa eneo hilo waruhusu mpango wa kuunganisha serikali ya jiji na ya kaunti. Ikaundwa tume ya kuuchunguza, mwenyekiti akiwa J. J. Daniel. Tume ikiwa bado kazini, mwaka 1966, baraza kuu la mashtaka (grand jury, raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe) likawafungulia mashtaka ya rushwa maofisa kadhaa wa jiji, wakiwemo madiwani. Watu wakachoka. Tarehe 8 Agosti 1967 walipiga kura, na upande wa kuunganisha ukashinda kwa karibu theluthi mbili. Serikali mpya ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1968.

Usije ukamsimulia mtu jambo hili kama vile wote walilifurahia. Watu weusi walikuwa wanakaribia kuwa wengi ndani ya jiji la zamani. Kuingiza vitongoji vya weupe kulipunguza nguvu yao ya kura kwa siku moja, na viongozi wao waligawanyika. Wakili Earl Johnson, mtu wa haki za kiraia, aliunga mkono, akiona kwamba viti vya udiwani vya kuchaguliwa kwa maeneo vingewahakikishia watu wake nafasi katika baraza. Baraza lilitoka na viti 19, na 14 kati yake vinachaguliwa kwa maeneo. Mpaka leo ukikaa na wazee weusi wa Northside utasikia pande zote mbili za hoja hiyo. Wasikilize, kwa sababu majirani wa familia zetu wengi ni hao, na namna wanavyomwona askari imejengwa na historia hiyo.

Basi, polisi wa jiji na ofisi ya sherifu wa kaunti wakawa kitu kimoja: Jacksonville Sheriff's Office, tunayoiita JSO. Jina la polisi wa jiji lilikufa, la sherifu likabaki. Aliyeongoza chombo hicho kipya ni Dale Carson, aliyewahi kuwa mpelelezi wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu. Alikuwa sherifu wa kaunti tangu 1958, akaendelea hadi 1986. Fikiria mtu mmoja ameshika usukani miaka 28, kumi ya kwanza kabla ya muungano na iliyobaki baada yake. Mengi ya mwanzo yaliundwa mikononi mwake.

Hapa ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa. Mkuu anaitwa sherifu, lakini askari wake wa doria wanaitwa maofisa wa polisi, si manaibu wa sherifu kama kaunti nyingine za Florida. Kwa hiyo mama akikuambia "polisi walikuja" na barua ya mahakama inasema "Sheriff's Office", usimsahihishe. Wote wawili wako sawa. Mweleze tu kwamba hapa ni nyumba moja.

Na si miji yote iliyoungana ilifanya hivi. Nilikutana na familia iliyohamia hapa kutoka Louisville, Kentucky, ambako ndugu zetu Wakongo ni wengi. Nilipomwambia baba kwamba sherifu ndiye aliyemkamata mpwa wake, alinikatalia kabisa: "Hapana, mwanangu. Sherifu ni wa kodi ya nyumba." Nilidhani hajanielewa. Kumbe alijua anachosema. Louisville waliunganisha jiji na kaunti ya Jefferson Januari 2003, polisi wawili wakawa mmoja, lakini mkuu wa polisi huyo anateuliwa na meya. Jela ikawa idara peke yake. Sherifu akabaki na kazi zake: kupeleka hati za mahakama, kulinda mahakama, na kukusanya kodi ya mali. Nashville, walioungana mwaka 1963, sherifu wao anaendesha jela, doria si kazi yake. Familia zetu zinahama sana, zinafuata kazi na ndugu. Ukimpokea mtu kutoka mji mwingine, muulize kwanza kule alikotoka sherifu alikuwa anafanya nini. Swali hilo moja litakuokolea nusu saa.

Hapa Jacksonville, sherifu ana vyote: doria, upelelezi, ulinzi wa mahakama, na jela. Anachaguliwa na wananchi kila baada ya miaka minne, na hawezi kushika zaidi ya vipindi viwili mfululizo. Meya hamwamuru. Bajeti yake inapitia kwa meya na kupitishwa na baraza la jiji, lakini nani apangwe doria wapi ni juu yake. Meya Donna Deegan, aliyechaguliwa 2023, ni wa chama cha Democratic, na sherifu T. K. Waters ni wa Republican, na kila mmoja ana ofisi yake na kura zake. Kwa watu waliozoea kwamba polisi hutumwa na serikali, hili ni gumu kulimeza. Nimeulizwa mara nyingi, "Sasa nani amemtuma huyu?" Jibu la kweli ni kwamba wapiga kura wa Duval ndio waliomweka. Na wewe ukishapata uraia, ni kura yako pia.

Kuna tukio la mwaka 2022 ambalo mimi hulitumia kulieleza jambo hili. Sherifu wa wakati huo, Mike Williams, alikuwa amehamia kaunti jirani ya Nassau. Katiba ya jiji inasema sherifu akihama Duval kiti chake kinakuwa wazi. Habari ilipotoka, akaondoka madarakani mwezi Juni, na Novemba ukafanyika uchaguzi ambao Waters alishinda. Mzee mmoja nilipomsimulia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo na yeye ana sheria juu yake." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Sasa majengo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoanguka.

Makao makuu ya JSO kwa miaka mingi yamekuwa Police Memorial Building, 501 East Bay Street, mashariki ya katikati ya mji, karibu na mto. Nyuma yake, ukipanda mtaa mmoja au miwili kutoka mtoni, ndiko iliko jela, 500 East Adams. Jina lake kamili ni John E. Goode Pre-Trial Detention Facility, ilifunguliwa mwaka 1991. Angalia tena namba: 501 East Bay, 500 East Adams, 501 West Adams. Makao makuu, jela, mahakama. Mtu aliyefika juzi kutoka kambini, anayeandika anwani kwa kusikia kwenye simu, atakosea tu. Na kuna jambo jingine linalozidisha mkanganyiko: mahakama ya zamani ilikuwa kwenye mtaa wa Bay, upande huo huo wa mashariki, jirani na polisi na jela. Mahakama mpya ilifunguliwa 2012, ya zamani ikaja kubomolewa. Wenyeji wa siku nyingi bado wanakuambia "mahakama iko pale pale karibu na jela", na wanasema kwa nia njema kabisa. Usiwafuate.

Jela hiyo ya mjini ni ya watu ambao wengi wao hawajahukumiwa. Wanaotumikia vifungo vifupi wana sehemu nyingine pia, Montgomery Correctional Center, kaskazini kabisa ya mji, mbali na njia za mabasi mengi. Hiyo nayo ni ya sherifu. Lakini mtu akihukumiwa zaidi ya mwaka mmoja, anatoka mikononi mwa sherifu na kupelekwa gereza la jimbo la Florida, ambalo lina idara yake na taratibu zake. Familia ikikuambia "amehamishwa", swali lako la kwanza liwe: amehamishwa ndani ya kaunti au amepelekwa jimboni? Maana simu za kupiga na siku za kumtembelea zinabadilika.

Siku ya kwanza uliyo na nafasi, tembea. Sisemi ukaangalie ramani kwenye simu. Nenda kwa miguu. Simama mbele ya jela, kisha ufuate mtaa wa Adams kuelekea magharibi mpaka mahakamani. Ni mwendo wa kama robo saa. Ukishavuka Main, utafika mahali ambapo bustani ya mji iko mtaa mmoja tu kulia kwako. Zamani iliitwa Hemming Park, na tangu 2020 inaitwa James Weldon Johnson Park. Kata kulia, ingia, ukae kwenye benchi.

Tarehe 27 Agosti 1960, vijana weusi waliokuwa wakigoma kwa amani, wakikaa kwenye kaunta za chakula za maduka ya weupe, walivamiwa katika eneo hilo na kundi la wazungu wenye mipini ya mashoka. Wenyeji wanaiita Jumamosi ya Mipini ya Mashoka. Siku hiyo kijana mmoja wa miaka 17, Nathaniel Glover, alikuwa ametoka kwenye kazi yake ya kuosha vyombo kwenye mkahawa wa hapo mjini. Hakuwa mmoja wa wagomaji. Wakamzunguka, wakampiga, na alipomwendea askari kuomba msaada, aliambiwa aondoke mjini kabla hajauawa. Kijana huyo alikuja kujiunga na polisi wa jiji mwaka 1966, miaka miwili kabla ya muungano. Alipanda ngazi ndani ya JSO, na mwaka 1995 wananchi wa Duval wakamchagua kuwa sherifu, wa kwanza mweusi katika Florida kwa zaidi ya miaka mia moja. Akaongoza vipindi viwili hadi 2003.

Nawaambia habari ya Glover kwa sababu ya kazi. Utakaa chumba kimoja na mama aliyewakimbia watu wenye sare kule Fizi au Rutshuru, mashariki ya Kongo. Kwa yeye sare ni sare. Mikono yake itatetemeka, na askari aliye mbele yake anaweza kudhani anaficha kitu. Si kazi yako kumtetea wala kumweleza askari anavyojisikia. Lakini ukiijua hofu inatoka wapi, pale na kule, hutaharakisha maneno yake wala kuyalainisha. Utatafsiri ukimya kama ukimya, na utasubiri.

Tuje kwenye maneno, maana ndiyo mkate wetu.

Neno "sherifu" lenyewe lichunge. Bibi mmoja wa Mombasa, aliyekuja kumtazama binti yake, aliposikia kwamba sherifu anakuja nyumbani alijifunga kanga yake vizuri akauliza ni sharifu wa ukoo gani. Kwao sharifu ni mtu wa kizazi cha Mtume, na mtu huyo anapokelewa kwa adabu yake. Nami nilikuwa nimelitupa neno bila kulieleza. Siku hizi mara ya kwanza nasema "sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti anayechaguliwa kwa kura", kisha ndipo naendelea na "sherifu" peke yake.

"Jela" na "gereza" Watanzania wengi huzichanganya, na Wakongo husema "boloko" kwa yote. Kwa aliyekamatwa na kesi yake haijaamuliwa, tumia "mahabusu" au "rumande". Mtanzania na Mkenya watakuelewa mara moja. Kwa Mkongo ongeza maelezo: "amefungiwa, lakini bado hajahukumiwa". Nimeona baba akiangua kilio kwa kusikia "yuko gerezani", akidhani mambo yameisha, kumbe kijana ana saa sita tu ndani.

Kisha "dhamana". Neno hili limewaletea watu wetu hasara kuliko lolote ninalolijua. Kwetu, Kenya na Tanzania, tumeambiwa miaka yote kwamba dhamana ya polisi ni bure na ni haki, na anayedai hela anadai rushwa. Mtu huyo akifika hapa akasikia jaji ametaja dola 5,000, anaona ni rushwa ya mchana kweupe. Mwingine anafanya kinyume, anauza gari haraka. Njia zilizopo ni hizi: unaweza kuweka fedha yote, nayo hurudi kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa amehudhuria kila alipoitwa, ingawa faini na gharama huweza kukatwa humo. Au unakwenda kwa wakala wa dhamana, anayemdhamini mshtakiwa kwa ada, na hapa Florida kwa kawaida anachukua asilimia 10. Kwa dola 5,000 ni dola 500, na hizo 500 hazirudi kamwe, hata kijana akionekana hana hatia. Wewe usiwashauri wachague ipi. Lakini wakala akisema neno linalomaanisha "ada", usilitafsiri "dhamana". Sema "ada, haitarudishwa", kama alivyosema. Nimekaa na familia iliyongoja mwaka mzima kurudishiwa ada kwa sababu mtu fulani kabla yangu alitumia neno moja kwa vitu viwili.

Na haki ya kunyamaza. Ukisema "unatakiwa kukaa kimya", umemwamuru. Ukisema "unaweza kukaa kimya", umemwachia kama hisani. Ni "una haki ya kukaa kimya". Jizoeze sentensi zile za onyo ambazo askari humwambia aliyekamatwa kabla ya kumhoji, zote, mpaka uziseme bila kufikiri, maana utazisema saa nane za usiku na akili imechoka. Mtu akijibu "ndiyo" kwa heshima tu, kama tulivyofundishwa kumwitikia mkubwa, tafsiri "ndiyo" hiyo hiyo. Ila ukiona hakuelewa, mwambie askari wazi kwamba mkalimani anaomba swali lirudiwe. Hiyo unaruhusiwa. Kuongeza la kwako huruhusiwi.

Mipaka ya JSO pia uijue. Wakati wa muungano miji minne midogo ilibaki na serikali zake: Jacksonville Beach, Neptune Beach, Atlantic Beach na Baldwin. Ile mitatu ya pwani ina polisi wake hadi leo. Baldwin baadaye waliachana na polisi wao, na JSO ndiyo inayowalinda. Vijana wetu wengi wanafanya kazi hoteli za pwani na wanaishi mjini, kwa hiyo mtu anaweza kukamatwa na polisi wa Jacksonville Beach na kujikuta jela ya sherifu mjini, kwa kuwa jela ya kaunti ni hiyo. Ajali kwenye barabara kuu, ile I-95 au I-295, mara nyingi hushughulikiwa na askari wa barabara wa jimbo, wenye kofia zao pana. Shule za umma zina polisi wao, na uwanja wa ndege una wao. Ukipewa ripoti, tafuta kwanza jina la chombo juu ya karatasi kabla hujasoma chochote. Familia ikitaka nakala, huko ndiko inakoombwa.

Kuhusu simu: 911 ni ya hatari inayotokea sasa hivi. Kwa gari lililoibwa jana au jirani anayepiga kelele, kuna namba ya JSO isiyo ya dharura, 904-630-0500. Wafundishe wazee kutamka kitu kimoja kwa Kiingereza, jina la lugha yao: "Swahili." Mpokeaji akilisikia hilo tu anaweza kumtafuta mkalimani kwa simu. Kuna sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inayokataza vyombo vinavyopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na huduma ya lugha imejengwa juu ya msingi huo. Mtoto wa miaka tisa asitumiwe kutafsiri habari za baba yake. Ukikuta mtoto amesimama katikati, mwondoe kwa upole na ushike nafasi yako.

Jambo la uhamiaji nitalisema kwa ufupi, kwa sababu ni zito na si letu kulishauri. Sheria ya Florida inawataka wanaoendesha jela za kaunti kuwa na makubaliano na idara ya uhamiaji ya serikali kuu. Kwa kuwa hapa jela ni ya sherifu, anayelala jela anaweza kuulizwa habari za hati zake. Familia itakuuliza, "Karatasi wanazompa, asaini au asisaini?" Jibu lako liwe moja tu: aongee na wakili kwanza. Usiseme "usiogope". Hujui. Na usiseme "wewe ni mkimbizi, huna shida", hata kama unaamini hivyo kwa moyo wote. Mimi nililisema mara moja kwa huruma, na bado linanikaa.

Usichukue zawadi. Mama atakuletea sambusa, na utasikia vibaya kumkatalia mtu wa rika la mama yako. Mwambie, "Mama, nikila leo, kesho wataniambia nilikupendelea." Anaelewa. Usimpe namba yako binafsi pia, isipokuwa shirika lako linaruhusu. Na usirudi nyumbani ukasimulia kanisani wala msikitini uliyoyasikia. Jamii yetu hapa ni ndogo. Sauti ya mkalimani ikijulikana kwamba inavuja, watu wataacha kupiga simu hata wanapopigwa.

Huenda jengo la jela likahamishwa siku zijazo. Baraza la jiji limekuwa likijadili kujenga jipya nje ya katikati ya mji, kwa kuwa la 1991 limechakaa. Likihama, rudia ule mwendo wako wa miguu upya, na ubadilishe maelekezo unayowapa watu.

Yule mama wa Jumamosi ile tulirudi naye mashariki kwa miguu, mfuko nimeubeba mimi. Hakunigombeza. Njiani akawa anatazama majengo, akatazama kivuli chake, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo jela iko kule jua linatokea, na tribinali iko kule jua linaingia?" Nikamwambia ndivyo. Tangu siku hiyo, mtu akinipigia simu usiku simwambii tena East wala West peke yake. Namwambia aandike namba, airudie kunisomea, kisha nasema: Adams ya upande jua linakotoka, hapo ndipo kijana alipo. Ukifika usiingie mahali pengine, nisubiri mlangoni, nakuja.